Tawi la Bwana Harcombe

Elburgon, Agosti 1957

Kwako Baba Kibet,

Huku nyumbani tuko salama. Kibet ameota meno mawili. Ng'ombe wako mwekundu amezaa, ndama ni jike. Mvua imeharibu viazi lakini njaa hatuna.

Bwana Harcombe amefariki, yule mwenye duka na kiwanda cha mbao, aliyetoa mbao za shule yetu bure. Frimasoni walikuja kutoka Nakuru kumzika mkubwa wao. Sisi tulisimama nyuma, tukingoja kuiona ile siri yao. Kila mmoja alidondosha tawi dogo la majani kaburini, akaenda zake akifuta macho. Basi, hakuna kingine.

Nikakumbuka usiku ule marehemu alivyoleta gari lake ampeleke Chemutai wetu mgonjwa hospitali, nawe ukafunga mlango, ukasema Frimasoni hunywa damu ya watoto. Sikulaumu. Hata mimi nilikuwa nimesikia hivyo. Kulipokucha mtoto hakuamka.

Tawi moja lilianguka kando. Nililiokota, nikaliweka pale tulipomlaza Chemutai. Ukija likizo utalikuta limekauka. Tafadhali usilitupe.

Ni mimi,
Mama Chemutai