Vitumbua vya Zamu

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mlingotini tu wazima, ila mjomba wako goti linamsumbua.

Umeniuliza mbona kila asubuhi nawapikia watu vitumbua na mwenyewe sivigusi.

Baba yangu alikuwa na wake wawili. Siku za zamu ya mke mdogo, mama alipika vitumbua kwa tui zito na iliki, akanituma nivipeleke kule, ili baba asiusahau mkono wake. Mama mdogo alivipokea mlangoni. Siku moja, nikingoja sahani, nilimsikia baba ndani: “Wewe ndiye unayejua kupika. Mwenzio aje ajifunze kwako.” Mama mdogo akacheka, akammiminia chai.

Ningeweza kuingia nikasema ni vya mama. Nilirudi na sahani tupu.

Mama akauliza, “Baba yako kasemaje?”

“Kasema ni vitamu.”

Akatabasamu, na jioni ile akaroweka mchele mwingi zaidi. Akaendelea hivyo miaka, mpaka baba alipofariki. Sikumwambia uongo, Salma, na bado kila nikishika kitumbua nile, nakirudisha sahanini.

Wewe ukipika huko, peleka mwenyewe.

Bibi yako