Paka wa Bernadeta

Kinole, 9 Juni 1953

Kaka Yohana,

Shikamoo. Huku tu wazima, na migomba imezaa vizuri.

Mdogo wetu Bernadeta alifika kutoka Matombo na paka wake ndani ya tenga. Paka wangu mzee alivimba mkia, akanguruma, akahamia darini. Nikamfungia mgeni stoo, nikawa nawalisha kila mmoja upande wake wa mlango mpaka wakazoeana harufu. Sasa wote wanalala jikoni, ingawa bado hawagusani.

Umeniandikia nimrudishe Bernadeta kwa mumewe. Simrudishi. Dominiko mwenyewe alikuja Jumapili baada ya misa.

"Nimemfuata mke wangu," akasema.

"Mkono uliouvunja bado haujaunga," nikamjibu. "Na hapa ni kwa mama yetu, si kwako."

Akasema basi atamchukua paka, maana ni wa nyumbani kwake. Bernadeta, ambaye hakuwa amepaza sauti tangu afike, akatoka ndani.

"Hata paka humpati!"

Dominiko akashuka mlima peke yake.

Ukitaka kuwapatanisha, kaka, njoo. Lakini uanze kwa kuutazama mkono wake.

Ni mimi mdogo wako, na sibadili neno,
Modesta