Aliyeko Darini

Basi Shangazi Nabiswa, yule Javan uliyeniambia nisimkimbie kwa sababu tu hana gari, nimeolewa naye, na furaha niliyo nayo sijui niiweke wapi, maana hapa Kware tuna chumba kimoja tu na kimejaa mapenzi hadi mlangoni. Javan hufanya zamu kiwandani, na mtungi wa gesi wa jirani ulipoibwa aliniletea kamera ndogo ya mviringo, ile ya jicho la samaki, akaifunga katikati ya dari, nayo huona chumba chote kwa mpigo, jiko, kochi, kitanda, na yeye akiwa mapumzikoni hunitazama kwenye simu, kisha sauti yake inatoka juu, "Kavutha wangu, hiyo leso imekupendeza," nami nacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa naomba unisaidie. Mama yangu alikuja kutoka Mwingi, na unajua kwetu Ukambani mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake, wala hamwoni akiwa hajajisitiri, na kwao Javan kule Butere ni vivyo hivyo, kwa hiyo akamwachia mama kitanda, nikakitandika shuka mpya, naye akaenda kulala kwa rafiki yake Kweyu, nami nikazidi kumpenda. Asubuhi nimetoka kuteka maji, mama ameketi kitandani na shimizi tu akijipaka mafuta miguuni, Javan akafungua simu kunitafuta, akasema kutoka darini, "Mpenzi, uji unamwagika."

Niliporudi nilimkuta mama amejifunika blanketi hadi kichwani.

"Kavutha, mumeo yuko wapi?"

"Yuko kwa Kweyu, mama."

"Na huyo aliyeko darini ni nani?"

Alipanda basi siku hiyo hiyo, na simu zangu hapokei. Javan anaapa aliona jiko tu, lakini hata chakula hakimshuki. Mimi nina mimba, Shangazi, na nilitaka mama ndiye anikande nikijifungua. Je, nimbembeleze azoee kamera? Kuitoa naona kama kumfukuza Javan wangu nyumbani.

Kavutha, Kware

Kavutha mwanangu, hongera, lakini mapenzi yamekuziba macho. Javan aliondoka vizuri, akasahau kwamba amejiacha darini. Na wewe uliyetandika shuka mpya, hukukumbuka kuchomoa waya?

Mama asizoeshwe chochote. Mimi pia nina mkwe. Tukikutana sokoni Muthurwa kila mtu hushika upande wake wa barabara, na tunapendana sana.

Kamera ya aina hiyo haigeuziki ikatazama pembeni, inaona kote. Itoke chumbani, ifungwe nje juu ya mlango, huko wezi wanakopita. Picha za asubuhi ile zifutwe bila kufunguliwa. Javan akikukumbuka apige simu, uamue mwenyewe kupokea.

Javan asimpigie mama yako kueleza aliona nini na hakuona nini, atazidi kumvua nguo. Amtume mjomba wake kwa mjomba wako, na blanketi jipya la kumwomba mama radhi. Mama ataelewa. Wewe panda basi uende Mwingi, ukakae naye jikoni, usianze maneno hadi aanze yeye.

Nami nitapita kwenu kabla mwezi huu haujaisha. Nitatazama dari kwanza, ndipo niketi.

Shangazi Nabiswa