Ule Mori Tuliorithi kwa Baba

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili, baada ya kufua

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na za Mama ambaye anaota jua hapa mlangoni. Hujambo? Wifi hajambo? Na Pilipili, binti yetu, anaendeleaje? Sisi tu wazima, isipokuwa miguu ya Mama na subira yangu, ambayo wewe umeimaliza.

Mwanangu Bondia karudi kutoka hospitali. Ule uvimbe kwenye tezi ya juu ya figo umetolewa, kidonda kimefunga, na jana kapiga mpira ukavunja kioo cha jirani. Nilitaka kumgombeza, nikajikuta nacheka peke yangu.

Sasa tuje kwetu wawili. Nilikueleza vizuri tu kwamba daktari kasema ugonjwa huu ni wa kurithi. Mimi mwenyewe nimepimwa, nimekutwa na hiyo kasoro ya kurithi mwilini, ila uvimbe bado sina. Ugonjwa umetoka kwa Baba, kwa hiyo nawe unaweza kuwa nao, na Pilipili vilevile. Nikakuomba mkapimwe presha, damu na mkojo. Ukanijibu kwamba damu yetu ni ya moto tangu zamani, niache kuwatia watu hofu. Halafu ukanishauri kitunguu saumu! Mimi nashona nguo, wewe unauza rangi. Udaktari tumeupata wapi?

Baba akitokwa na jasho, akipauka, akishika kifua, tulikuwa tunakimbia tukijua kapandisha mori. Hata alipoanguka dukani, watu walisema kauawa na hasira. Na huyu Bondia, jina lenyewe kapewa shuleni kwa ukorofi. Kaadhibiwa mara ngapi, kumbe ni ule uvimbe unampandisha presha, moyo unamwenda mbio na kichwa kinampasuka. Hilo linaniuma sana. Tumeujivunia ugonjwa, ndugu yangu, tukauona ndio sifa ya ukoo.

Nilimpigia wifi, akaniambia unasema dada yako ana wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga. Sawa, mimi ni kuku.

Lakini juzi umenitumia video ya Pilipili, ukaandika: "Shangazi, mori wa babu huu hapa." Nyote mnacheka. Nimeitazama mpaka simu ikazima. Mtoto anainama kufunga kamba za viatu, anainuka kapauka, jasho linamchuruzika, mkono uko kifuani. Itazame tena, tafadhali, na safari hii usicheke. Kabla hajainama alikuwa anaimba. Hakuna aliyemuudhi.

Nisalimie wifi na mama mkwe wako. Bondia anamsalimu mjomba wake, na anamwambia Pilipili sindano haiumi sana, ingawa yeye alilia hospitali nzima ikasikia. Mama anawaombea. Mungu awatangulie njiani kesho asubuhi, maana kesho asubuhi mnakwenda.

Wako akupendaye hata unapomchosha,
Dada yako