Kome Uliyempa Jina la Mama Yako

Daktari Lemayian,

Nimekukosea, na ulikufa bila kujua. Wacha niseme haraka kabla sijatoroka tena.

Unakumbuka wale kome tuliotoa kwenye matope ya mto? Uliniambia, "Nafula, kata mguu, usiguse kitu kingine." Mguu ulikuwa mgumu, kisu butu, na mimi nilitaka kwenda nyumbani. Nikakata pale laini, penye mbegu za kiume. Nikaandika "mguu" kwenye kichupa. Nilidhani nyama ni nyama.

Ulipochora mti wa ukoo kwa mitokondria za vile vichupa, kome wangu akakaa tawi lake peke yake, mbali na wenzake. Kome mpya! Ulicheka mpaka ukafuta machozi. Ukampa jina la mama yako, Nasieku, na ukampigia simu Isinya hapo hapo.

Mwezi huu nimemtoa kome yule yule kwenye spiriti, nikakata mguu wenyewe. Mitokondria zake ni za kawaida kabisa, sawa na za wenzake. Woi, Daktari. Ni wewe ulinifundisha kwamba sisi watu tunapewa mitokondria na mama peke yake, lakini kwa kome wengine baba naye humpa mwanawe wa kiume zake, na hizo hukaa kwenye mbegu. Koo mbili ndani ya mnyama mmoja. Ungelijua hilo mara moja, kama hungeamini mwandiko wangu.

Jumamosi nilienda Isinya kumwambia mama yako, yeiyo. Ganda la kome ameliweka juu ya kabati, kwa kitambaa cheupe. Aliwaambia majirani, "Mwanangu hakuniachia mjukuu, aliniachia huyu." Nikanywa chai, nikarudi hapa Kitengela bila kusema kitu.

Tangu siku hiyo unakohoa hapa maabara. Nasikia kabisa, nyuma yangu, kile kikohozi chako cha kutaka jibu. Jana nimegeuka nikasema, "Pole, Daktari." Kiti chako kilikuwa tupu. Naogopa, lakini naogopa zaidi siku utakaponyamaza.

Kesho naandikia jarida lililomtangaza kome wetu, waliondoe hilo jina, na nitasema ni mimi niliyekata vibaya. Halafu narudi Isinya, kabla yeiyo hajasikia kwa watu. Akinifukuza, nitakaa nje ya geti mpaka anisikilize.

Olesere, kwaheri, Daktari. Msamaha wako sitauomba kabla yeye hajaamua. Alishazika mtoto wake, na sasa ni mimi nitamwambia kwamba hata mjukuu hakuwahi kuwepo.

Nafula