Nyanya Zinakufa kwa Kiu, na Shina Limejaa

Bowen, 14 Agosti. Mwezi wa tano tangu nitoke kisiwani kwetu Tanna.

Mpendwa Mama Leimara wa redioni, naomba msaada. Mimi ni mchuma nyanya hapa Australia, na jana tulikuta mstari mzima umenyauka, majani bado mabichi, udongo umelowa, mwenzangu Iasul akacheka, "Kapalu, umetuletea uchawi wa kwenu!" lakini msimamizi akakata shina moja, akalining'iniza kwenye glasi ya maji safi, na Mama, zikashuka nyuzi nyeupe kama moshi, nikaruka nyuma! Akasema, "Hao ni bakteria. Wamejaa humo, wanakula." Nikakaa chini kwenye matope, kwa sababu mke wangu Lispet kaniambia kwenye simu nyanya zetu nyumbani zinanyauka vivyo hivyo, na jirani yetu Nalau alionekana akipita bustanini na majani mkononi, sasa wanasema kaloga, na Jumamosi wazee wanakaa kumfukuza kijijini yeye na wanawe, wanangoja neno langu mimi mwenye bustani, na Lispet anasema, "Ukimtetea, baki hukohuko." Nifanyeje? Mavuno yakiisha, Novemba, nitakuwa nyumbani.

Kapalu

Mwanangu Kapalu,

Pole kwa mshtuko. Mimi nilipouona moshi ule mara ya kwanza nilipiga kelele. Lakini umeona kwa macho yako, halafu unauliza ufanyeje? Kikulacho ki nguoni mwako, na cha nyanya ki shinani. Bakteria hao huingia kwa mizizi, hukaa kwenye mishipa ya maji, na mmea wenyewe huwamwagia sukari na vyakula vyake, nao huzaana mpaka njia inaziba. Unakufa kwa kiu umesimama majini! Na Lispet, namjua bila kumwona, akiona zimenyauka anazidi kumwagilia, maji yanawabeba bakteria hadi shina la pili.

Mpigie leo. Akate shina, alitumbukize ncha tu kwenye glasi ya maji safi, mbele ya wazee, Nalau akiwepo. Moshi ukishuka, hakuna mchawi. Usiposhuka, tafuteni ugonjwa mwingine, si mtu mwingine. Zilizonyauka azing'oe, azichome, aoshe jembe. Hapo asirudishe nyanya, pilipili wala biringanya, nazo huugua vivyo hivyo. Apande mahindi. Akinuna, anune.

Neno lako linatakiwa kabla ya Jumamosi, si Novemba. Nawe ukirudi, viatu vya shamba viache hukohuko Bowen na udongo wake, na kifuu cha kwanza cha kava, kinywaji chetu cha mizizi cha kupatana, mpe Nalau.