Sahani ya Bibi Verediana

Jumamosi, Kihanga. Mvua haijakata tangu alfajiri na umeme hakuna. Cherehani yangu ni ya miguu, ningeweza kushona, lakini leo sina moyo wa kazi.

Jana nilikwenda Kituntu kuhani msiba wa Bibi Verediana. Nisijidanganye hapa: nilikwenda pia kwa ajili ya sahani.

Wanaonisoma wanaujua ugonjwa wangu. Nakusanya vyombo vya kale vya Kichina, vile vya kauri nyeupe yenye maua ya buluu, vilivyofika huku kwetu vichwani mwa wapagazi, enzi za misafara ya pembe za ndovu. Bado vimo majumbani, Karagwe na Kyerwa, na wenyewe hawajui wana nini. Mimi huwashonea gauni, wao hunipa bakuli. Lakini siku hizi kila ninapofika nimechelewa. Kibingo nilikuta bakuli zuri linanyweshewa kuku, ukingo wote umemeguka. Nyumba nyingine waliniambia, "Lile la bibi? Tulilitupa tulipohamia nyumba mpya."

Sahani ya Bibi Verediana ilikuwa nzima. Pana kama ungo mdogo, na katikati ndege wawili wa buluu wamepeana migongo. Mama yake alivuka nayo kutoka Rwanda, ameifunga ndani ya mkeka. Kila nilipomtembelea, Bibi aliitoa chini ya kitanda, akanipakulia ndizi juu yake huku anacheka.

"Kula, mwanangu. Kuuza siuzi, lakini kula."

Nilikula polepole, ili ndege watokeze mmoja mmoja.

Alipoanza kuumwa, nilikaa na wanawe wawili, Projestus na mdogo wake Jovin. Nikawaeleza sahani ile imetoka wapi na ina umri gani. Nikawaambia, "Hiki ni kitu cha thamani. Mama akiondoka, msikiache kikapotea." Walinisikiliza kwa makini, hata Jovin akavua kofia. Nikarudi nyumbani na matumaini.

Jana Projestus alinipokea uani.

"Shikamoo, mama. Pole na safari."

"Marahaba, baba. Poleni sana na msiba."

Akanishika mkono. "Njoo kwanza uone tulivyomfanyia Mama."

Kaburi liko migombani, nyuma ya nyumba. Saruji ilikuwa bado na unyevu. Juu yake wamechora msalaba kwa vipande vya kauri, vyeupe na vya buluu, vimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Nikaona bawa. Nikaona jicho.

Waliivunja kwa nyundo.

"Wewe ndiye uliyetufungua macho," Projestus alisema. "Sisi tuliona sahani tu. Tukasema, kama ni kitu cha thamani namna hiyo, basi kiende na Mama. Hapa hakiwezi kupotea." Machozi yalikuwa yanamtoka.

Jovin akaniuliza, "Imependeza, mama?"

Nikasema imependeza.

Na kweli ilikuwa imependeza. Sijui nifanye nini na jambo hilo.

Tukasali pamoja. Nilipokuwa napanda pikipiki, mke wa Projestus akanikimbilia, akapiga goti, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, tunasikia kwako unavyo vingi. Kaburi la baba mkwe bado ni udongo mtupu. Kama ungetusaidia hata bakuli moja."

Nikamwambia nitaona.

Leo nimevitoa vyote kabatini nikavipanga mezani. Binti yangu akija kutoka Mwanza huvisogeza tu ili apate pa kuweka simu. Mwanangu wa kiume huniuliza kwa nini nisinunue vya plastiki. Nimewaeleza tangu wakiwa wadogo, na nimechoka kueleza. Nusu ya maisha yangu nimevilinda visivunjike, na sijui nimemlindia nani.

Katika watu wote niliowahi kuwaeleza, walionielewa ni wale vijana wawili. Nao wakachukua nyundo.

Yule mwanamke anasubiri jibu. Lipo bakuli moja lenye ufa, wala si kubwa. Nimeliweka kando. Nikalirudisha na wenzake.

Sasa nimeliweka kando tena.